Mlima Kilimanjaro Unatupa Maji: Tuulinde na Moto

Ukifika Moshi mjini, amka mapema. Toka nje kabla jua halijapanda. Tazama upande wa kaskazini. Utaona mlima mkubwa sana wenye kichwa cheupe. Ukichelewa mpaka saa nne, pengine hutauona tena. Mawingu yatakuwa yameufunika.

Mlima huo ni Kilimanjaro. Ni mrefu kuliko milima yote ya Afrika. Kilele chake kina urefu wa meta 5,895 kutoka usawa wa bahari. Hizo ni karibu kilometa 6. Kilometa 6 za barabara si nyingi. Mtu mzima anazitembea kwa saa moja na nusu bila kuchoka. Lakini kilometa hizi ni za kwenda juu tu, kama mtu anayepanda mnazi.

Wageni wanakuja kutoka nchi nyingi kuupanda mlima huu. Wakifika juu wanapiga picha, kisha wanarudi kwao. Sisi tunaobaki tuna sababu nyingine ya kuujua mlima huu. Unatupa maji. Na maji hayo yamo hatarini.

Leo tutaupanda mlima pamoja kwa kusoma. Tutaanza migombani na tutafika kileleni. Njiani tutajiuliza swali moja: Maji ya Kilimanjaro yanatoka wapi? Watu wengi hujibu haraka, "Yanatoka kwenye theluji." Je, ni kweli?

MLIMA ULIOZALIWA NA MOTO

Kilimanjaro ni volkano. Volkano ni mlima uliofanyika kwa moto wa chini ya ardhi. Zamani sana, mawe yaliyoyeyuka kwa joto yalitoka ardhini kama uji unaofurika chunguni. Yalipopoa yakawa mwamba. Yakatoka tena, yakapoa tena. Hivyo mlima ukakua.

Kilimanjaro ina vilele vitatu. Cha kwanza ni Shira, upande wa magharibi. Hiki ni kizee. Kilibomoka zamani, na sasa sehemu kubwa yake ni uwanda mpana. Cha pili ni Mawenzi, upande wa mashariki. Kina urefu wa meta 5,149. Kimechongoka na kupasukapasuka. Cha tatu ni Kibo, katikati. Hiki ndicho kirefu kuliko vyote. Ndicho chenye kichwa cheupe. Sehemu ya juu kabisa ya Kibo inaitwa Uhuru.

Juu ya Kibo kuna shimo kubwa la volkano. Moto wake umelala, lakini haujafa kabisa. Ndani ya shimo hilo bado hutoka hewa yenye harufu ya kiberiti.

KIBO NA MAWENZI

Wazee wa Kichaga wana hadithi kuhusu vilele hivi.

Wanasema Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Kibo alikuwa mchapakazi. Mawenzi alikuwa mvivu. Siku moja moto wa Mawenzi ulizimika. Akaenda kwa Kibo kuomba moto. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa moto, akampa na ndizi. Mawenzi akaondoka. Punde si punde akarudi. "Ndugu yangu, moto umezimika tena njiani." Kibo akampa tena moto na ndizi. Mawenzi akaona mchezo huo ni mzuri. Akarudi mara ya tatu. Safari hii Kibo alikasirika. Akachukua mchi wake akampiga Mawenzi kichwani na mgongoni. Ndiyo maana mpaka leo Kibo ana kichwa laini cha mviringo, na Mawenzi amechanikachanika.

Hadithi hii inatufundisha kuacha uvivu. Lakini tuikumbuke kwa sababu nyingine pia. Ni hadithi ya mtu aliyeuchezea moto. Tutairudia.

WENYEJI WALIJUA, WASOMI WALIKATAA

Watu wa Kilimanjaro waliujua mlima wao tangu zamani. Walijua kwamba kule juu kuna kitu cheupe na baridi kali.

Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Mjerumani aliyeitwa Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka upande wa Mombasa. Aliandika habari hiyo Ulaya. Wasomi wengine wa huko hawakumwamini. Walisema, theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, mahali penye jua kali namna ile. Walikuwa hawajafika Afrika Mashariki kuona kwa macho yao. Baadaye ilibidi wakubali.

Mwaka 1887 Mjerumani mwingine, Hans Meyer, alijaribu kufika kileleni. Barafu ilimzuia. Mwaka 1888 alirudi, lakini hakufika hata mlimani. Watu wa pwani walikuwa wamewaasi Wajerumani wakiongozwa na Abushiri. Meyer akakamatwa. Aliachiliwa baada ya kulipa. Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Tarehe 6 Oktoba, 1889, wakafika juu.

Hawakufika kwa nguvu zao peke yao. Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza njia. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kwenye kambi ya juu katika baridi kali. Wapagazi wengi walibeba mizigo yao. Vitabu vingi vinawataja Wazungu wawili tu. Sisi tuwakumbuke wote.

Wajerumani walikiita kilele hicho kwa jina la mfalme wao. Jina hilo halipo tena. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Usiku huo Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya taifa na Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo. Mwalimu Nyerere alikuwa amesema miaka miwili kabla kwamba tungependa kuwasha mwenge juu ya mlima huo, umulike hata nje ya mipaka yetu. Tangu hapo kilele kinaitwa Uhuru.

TUANZE KUPANDA

Sasa tufunge kamba za viatu. Kuna njia kadhaa za kupanda, kama vile Machame, Umbwe, Lemosho na Rongai. Sisi tutapita njia ya Marangu. Njia hii ina nyumba za kulala wapandaji.

Kwanza tunapita katika vijiji. Huku chini ni migomba na kahawa. Shamba la ukoo linaitwa kihamba. Kando ya vihamba inapita mifereji ya maji. Wachaga huiita mifongo. Waliichimba zamani kwa majembe na vijiti, bila mashine. Maji yanatoka mtoni juu kabisa, yanazunguka vilima, yanafika shambani. Kila familia ina zamu yake. Siku ya kusafisha mfongo wote wanatoka. Asiyetoka hutozwa faini. Kwa hiyo, maji yanaleta kazi, na yanaleta pia sheria na ujirani.

Kwenye meta 1,900 hivi tunafika lango la hifadhi. Sehemu ya juu ya mlima ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1977. Mwaka 1987 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu unaouzunguka mlima nao ukaingizwa katika hifadhi.

Tukivuka lango tunaingia msituni. Ghafla jua linapotea. Miti ni mirefu sana. Matawi yake yamefunikwa na majani madogo laini kama manyoya, yenye maji tele. Ukiyakamua mkononi, maji yanatiririka. Mbega weusi wenye mikia meupe wanaruka juu ya miti. Ndani zaidi wamo tembo na nyati. Ardhi ni nyeusi na laini. Kila upande unasikia maji. Siku ya kwanza tunalala Mandara, meta 2,700 hivi.

Siku ya pili msitu unapungua. Miti inakuwa mifupi, yenye majani membamba sana. Ukungu unapita katikati yake. Kisha tunatoka kwenye nyasi na vichaka. Hapa ipo mimea ya ajabu. Upo mmoja wenye shina nene kama nguzo na kichwa cha majani kama kabichi kubwa. Majani yake ya zamani hayaanguki. Yanabaki kulizunguka shina kama koti, yanalikinga na baridi. Tunalala Horombo, meta 3,700 hivi. Mandara na Horombo ni majina ya mangi, yaani watawala wa zamani wa Wachaga.

Siku ya tatu mimea inakwisha. Ni mawe, mchanga na upepo tu. Ni jangwa. Mchana jua linachoma. Usiku maji yanaganda kuwa barafu. Hapa hakuna kijito cha kuteka maji. Wapagazi huyabeba kutoka chini. Kumbuka jambo hilo, ndugu msomaji: tuko karibu na theluji, lakini hatuna maji ya kunywa. Jioni tunafika Kibo, meta 4,700 hivi.

Usiku wa manane tunaamshwa. Tunapanda gizani kwa taa. Kokoto zinateleza, unapiga hatua mbili, unarudi moja. Alfajiri tunafika ukingo wa shimo la Kibo. Tunauzunguka polepole. Jua linapochomoza nyuma ya Mawenzi tunafika Uhuru. Chini yetu ni mawingu matupu, kama bahari ya pamba.

HEWA NYEMBAMBA

Kwa nini watu hupanda polepole sana? Ni kwa sababu ya hewa.

Kadiri unavyokwenda juu, hewa inakuwa nyembamba. Kila pumzi unayovuta kileleni ina oksijeni karibu nusu tu ya ile unayovuta ukiwa pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Anayekimbia mwanzoni ndiye anayebebwa mwishoni. Ndiyo maana kiongozi wa njia husema kila mara, "Pole pole." Wageni wengi wanarudi kwao wakijua Kiswahili hicho tu.

Kuumwa kichwa kidogo na kukosa usingizi ni kawaida kule juu. Lakini zipo dalili za hatari. Mtu anahema hata akiwa amekaa. Anakohoa mapovu. Anayumba kama mlevi. Anasema maneno yasiyoeleweka. Mtu huyo asingoje asubuhi. Asiendelee kupanda. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kushuka.

Jambo hili linawahusu vijana wetu pia. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita "wagumu". Kazi yao ni ngumu kweli. Wanabeba mahema, vyakula na mizigo ya wageni. Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa mgeni anaobeba mpagazi usizidi kilo 20. Mizigo hupimwa langoni. Kijana anayekwenda kupagaza adai haki hiyo. Awe na sweta, koti la mvua, viatu imara na blanketi la kutosha. Baridi haijali ugumu wa mtu. Wapo wapagazi waliokufa mlimani kwa sababu ya baridi na hewa nyembamba. Ukiumwa, sema. Si aibu.

KICHWA CHEUPE KINAPUNGUA

Tukiwa kileleni, tutazame ile theluji. Kwa kweli sehemu kubwa yake ni barafu ya zamani, iliyojikusanya kwa karne nyingi. Nyingine imesimama kama ukuta wa nyumba ya ghorofa.

Barafu hiyo inapungua. Mwaka 1912 ilipimwa. Ilifunika eneo la kilometa za mraba 11 hadi 12. Mwaka 2011 ilipimwa tena. Zilikuwa zimebaki kilometa za mraba chini ya 2. Yaani kama ulikuwa na mikate sita, umebakiwa na mmoja. Sababu ni kwamba hali ya hewa imebadilika. Dunia inapata joto zaidi. Juu ya mlima hewa imekuwa kavu, na theluji mpya haitoshi kujaza pengo. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilisema kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikaisha ifikapo mwaka 2050.

Hapo watu wengi wanaogopa. Wanauliza, "Barafu ikiisha, mito itakauka?"

MAJI YANATOKA WAPI?

Turudi kwenye swali letu. Wataalamu wamelichunguza. Wamepima mvua kila sehemu ya mlima. Wamepima maji ya chemchemi na mito. Jibu lao ni hili: maji mengi ya Kilimanjaro hayatoki kwenye theluji. Yanatoka msituni.

Je, inawezekanaje? Tufuate safari ya maji.

Upepo unatoka Bahari ya Hindi. Unabeba unyevu. Ukifika mlimani hauwezi kupita, kwa hiyo unapanda juu. Huko ni baridi. Unyevu unageuka mawingu na mvua. Mvua nyingi hunyesha katikati ya msitu wa upande wa kusini. Huko hunyesha zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka. Kule kileleni hunyesha kidogo sana. Ndiyo maana tulikuta jangwa.

Sasa mvua inapoanguka msituni inafanya nini? Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua maji kopo moja. Yamwage kwenye mteremko mtupu uliofagiliwa. Yatakimbia yakiwa na udongo. Chukua kopo la pili. Yamwage kwenye mteremko wenye majani makavu mengi na mboji. Hayatakimbia. Yatazama. Msitu ni hivyo hivyo. Ni kama dodoki kubwa linalouzunguka mlima. Unanyonya maji wakati wa masika. Unayaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Maji yanapita chini ya mawe, yanatokea mbali kama chemchemi. Chemchemi ya Chemka, katika Wilaya ya Hai, iko kwenye nyika kavu, lakini hutoa maji safi mengi mwaka mzima.

Lipo jambo jingine. Je, umewahi kupita kwenye nyasi asubuhi, suruali au kanga ikalowa, ingawa mvua haikunyesha? Ulilowa kwa umande. Miti ya juu ya msitu hufanya kazi kama nyasi hizo. Ukungu ukipita, majani yale membamba huukamata. Matone yanaungana, yanadondoka chini. Mti mmoja unatoa matone machache tu. Lakini miti ni mingi sana, na ukungu huja karibu kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Maji hayo yanaingia katika mito ya Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau na Himo. Mito hiyo inapeleka maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo unaendelea Mto Pangani. Unapita Korogwe na Hale mpaka baharini. Njiani maji yanamwagilia migomba, mpunga na miwa. Yanazungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Upande wa kaskazini, maji ya mlima huu yanatokea katika mabwawa ya Amboseli, nchini Kenya, ambako wanyama na ng'ombe wa Wamasai hunywa.

Kwa hiyo, yule mvuvi wa Pangani, ambaye hajauona mlima hata mara moja, anautegemea. Hata taa ya umeme katika mkoa wa mbali huenda inawaka kwa sehemu ndogo kwa nguvu za maji hayo.

ADUI NI MOTO

Ikiwa maji yanatoka msituni, basi anayeuharibu msitu anakausha mito. Waharibifu ni wengi. Wapo wanaokata miti kwa mbao na mkaa. Wapo wanaolisha mifugo ndani ya msitu. Lakini adui mkubwa wa msitu wa juu ni moto.

Moto hupenda ile miti ya juu yenye majani membamba. Wakati wa kiangazi inakauka na kuwaka kama nyasi. Upepo ni mkali. Njia ni ngumu. Gari la kuzima moto halifiki. Katika miaka 40 na zaidi iliyopita, maelfu ya hekta za msitu wa juu yameungua. Mahali palipoungua mara kwa mara miti mirefu hairudi upesi. Vinaota vichaka vifupi. Vichaka hivyo havikamati ukungu kama miti. Basi maji yanapungua. Upotevu huu wa maji ni mkubwa kuliko ule wa kuyeyuka kwa barafu, ingawa hauonekani kwa macho ukiwa Moshi mjini.

Tarehe 11 Oktoba, 1889, Meyer na mwenzake walikuwa bado mlimani. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulianza katika njia ile tuliyoipita, kati ya Mandara na Horombo. Ulianza mahali wanapopumzika wapandaji. Taarifa za kwanza za wakuu wa hifadhi zilisema huenda ulitokana na watu waliokuwa wakipasha chakula. Usiku watu wa Moshi waliuona mlima ukiwaka. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari, wanafunzi na wanavijiji. Walitumia matawi, mapanga na majembe. Walipambana kwa siku nyingi. Makumi ya kilometa za mraba yaliungua. Oktoba 2022 moto mkubwa uliwaka tena, upande wa kambi ya Karanga.

Hapa ndipo tunapoirudia hadithi ya Mawenzi. Aliuchezea moto, naye akapigwa peke yake. Sisi tukiuchezea moto mlimani, tutapigwa wote.

TUFANYE NINI?

Ndugu wananchi, moto mwingi wa msituni huwashwa na watu. Kwa hiyo watu wanaweza kuuzuia. Yafuatayo yanawezekana katika kila kijiji:

1. Usichome moto ili kuandaa shamba wakati wa upepo na kiangazi kikali. Ikibidi kuchoma, pata kwanza kibali cha serikali ya kijiji. Lima ukanda usio na majani kuzunguka shamba. Waite majirani. Msiondoke mpaka majivu yapoe.

2. Wanaorina asali wasitumie kijinga cha moto. Kijinga kikianguka kwenye majani makavu, msitu unaondoka. Tumieni bomba la moshi. Fugeni nyuki kwenye mizinga karibu na nyumbani.

3. Wapagazi na wapishi wapike kambini tu, na kwa gesi. Kuni haziruhusiwi mlimani. Kipande cha sigara kizimwe kabisa na kurudishwa chini pamoja na takataka.

4. Pandeni miti ya kuni mipakani mwa mashamba. Tumieni majiko banifu. Mama mwenye kuni nyumbani hana haja ya kupanda msituni na panga.

5. Ukiona moshi msituni, usiseme "si shamba langu." Toa habari mara moja kwa mwenyekiti wa kijiji au askari wa hifadhi. Moto mdogo unazimwa na watu watatu. Moto mkubwa unawashinda mia tatu.

Pengine wewe unayesoma huishi Kilimanjaro. Lakini karibu kila mkoa una mlima au msitu wake wa maji. Milima ya Uluguru inaipa Dar es Salaam maji kwa njia ya Mto Ruvu wa huko Morogoro. Usambara, Meru na Rungwe nayo inanywesha watu wengi. Ulizeni wazee wenu: chemchemi ya kijiji chetu inatoka kilima gani? Zamani ilikuwa na maji kiasi gani? Nani anakitunza kilima hicho sasa?

Barafu ya Kibo tunaweza tusiweze kuiokoa peke yetu. Joto la dunia linatokana zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri. Lakini msitu tunaweza kuuokoa sisi wenyewe. Uko karibu nasi. Wajukuu wetu huenda wakauona Kilimanjaro bila kichwa cheupe. Wasije wakauona bila msitu. Bila theluji watakosa uzuri. Bila msitu watakosa maji.

MASWALI YA KUJADILI

Kama mnasoma kwa kikundi, jadilianeni maswali haya:

1. Kilele cha Uhuru kina urefu wa meta ngapi?
2. Kwa nini mtu akiugua kwa hewa nyembamba ashushwe mara moja?
3. Maji mengi ya Kilimanjaro yanatoka wapi? Elezeni kwa maneno yenu.
4. Fanyeni jaribio la makopo mawili ya maji. Mmeona nini?
5. Kijiji chenu kina utaratibu gani wa kuzuia moto? Kama hakina, nani ataleta jambo hilo katika mkutano ujao wa kijiji?